Vita Ikibuma Lawama Apewe Nani, Mwanasiasa au Jenerali? Namna ya Kupima Bila Kubahatisha

Kijiwe chetu cha kahawa hapa Ngamiani, Tanga, kina mabishano yasiyoisha, na mojawapo ni hii vita ya Tanga ya Novemba 1914. Mwingereza kaja na meli kibao na wanajeshi kama 8,000 kutoka India, kakuta Mjerumani ana watu kama 1,000 tu, wengi wao askari weusi wa hukuhuku kwetu, na bado kachapwa, kapanda meli zake kaondoka, waja leo waondoka leo kwelikweli. Sasa hapo kila mtu ana mchawi wake. Mmoja anakwambia jenerali alikuwa mzembe, mwingine anasema wakubwa wa London ndo waliomtuma na watu wasiojuana, wa tatu anasema nyuki, basi, nyuki tu, na hataki kusikia kingine.

Mi nimekaa kwenye mabishano hayo miaka, nimesomasoma, na nimegundua habari tunazo, ila kipimo hatuna. Kila mtu anaanza na yule asiyempenda halafu anaenda kutafuta ushahidi wa kumkandamiza. Kwa hiyo hii hapa ndo staili ninayotumia, nimeijaribu kwa vita ya hapa kwetu na kwa za mbali, kama unabishana na watu kijiweni au una mtoto anasoma historia itakufaa.

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto wanasiasa, kulia wanajeshi. Na kwa wanajeshi simaanishi yule wa mtaroni, namaanisha makamanda na wanadhimu, wale wa ramani na mahesabu, wanaopanga na kumshauri mkubwa. Kwetu mpaka huu upo wazi kabisa, Rais ndo Amiri Jeshi Mkuu, chini yake kuna Mkuu wa Majeshi, kuna Mnadhimu Mkuu, kwa hiyo usiseme haya ni mambo ya Ulaya.

Cha kwanza, usiulize nani alishindwa. Hilo swali ndo linaloharibu. Kushindwa kuvunje vipande, na kila kipande ukitafutie mwenyewe. Mimi nauliza vinne: nani aliamua tunapigana ili tupate nini, nani aliamua watu wangapi na wa aina gani, nani alipanga namna ya kwenda, na nani alikuwa anaongoza siku yenyewe. Ni kama timu ikifungwa uwanjani Mkwakwani, kuna aliyesajili na kuna aliyepanga kikosi, na mara nyingi sio mtu mmoja.

Tuijaribu kwa Tanga. Kamanda wa Waingereza alikuwa Meja Jenerali Arthur Aitken. Lengo alilopewa ni kuiweka koloni nzima ya Kijerumani chini ya Mwingereza. Nzima! Eneo karibu mara mbili ya Ujerumani yenyewe. Hilo halikuwa wazo lake, limetoka kwa wakubwa London na kazi ikasimamiwa na Wizara ya India, ile wizara ya hukohuko London. Andika kushoto. Watu je? Vikosi vizuri vya India vilishapelekwa Ufaransa na kwingine, Aitken akapewa vilivyobaki, vikosi ambavyo havijawahi kufanya mazoezi pamoja, vingine bunduki mpya wamepewa dakika za mwisho, wakaondoka Bombay tarehe 16 Oktoba wakafika huku wamechoka na bahari hawana hali. Hilo nalo kushoto, ingawa kuna wanajeshi wa makao makuu India waliochagua vikosi hivyo, kwa hiyo weka kamstari kadogo na kulia.

Sasa njoo kwenye kupanga na kuongoza, hapo Aitken hana pa kujificha. Wanajeshi wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la huku Afrika Mashariki, wanaoijua nchi hii walijitolea kumsaidia, akakataa. Angeweza kuwashusha watu Mombasa wapumzike kwanza, akakataa. Akawateremsha Raskazone, pembeni ya mji wa Tanga, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3, kwenye mikoko na pori zito, bila kutuma mtu wa maana kwenda kuchungulia mbele kuna nini. Halafu linganisha na kamanda wa Mjerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, usiku kabla ya pambano kubwa kachukua baiskeli, baiskeli jamani, kapita nayo mjini mpaka upande wa Raskazone kuangalia meli za Mwingereza kwa macho yake mwenyewe. Mtu wa Tanga nikimsimulia hilo huwa anacheka sana, maana baiskeli ndo sisi. Lakini ndo tofauti yenyewe hiyo, mmoja alienda kuona na mwingine akadhani.

Kuna kipande cha tano ambacho watu hukisahau, nacho ni kile kilichoanguka katikati. Tarehe 2 asubuhi manowari ya HMS Fox ilitangulia kuingia, nahodha wake Caulfeild akamwita mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, akampa saa moja asalimishe mji. Kwa nini kumpa mtu notisi wakati umekuja kumvamia? Kwa sababu wanamaji walikuwa na makubaliano ya kutoshambuliana na miji ya pwani, London hawakuyaridhia, lakini nahodha akaona sio uungwana kupiga bila kusema. Akaongeza kumuuliza kama bandari imetegwa mabomu, kana kwamba jamaa atamjibu kweli. Muda wote huo Lettow anajaza watu kwenye treni kutoka Moshi. Sasa hilo la nani? La wanasiasa ambao hawakuweka wazi kama makubaliano yapo au hayapo, la nahodha aliyeshikilia notisi, na la Aitken aliyekubali. Liandike katikati juu ya mstari, usilazimishe. Vita nyingi zimefia hapohapo katikati, na wote wawili wanasema mi nilijua ni kazi ya yule.

Ukimaliza hapo utaona karatasi ya Tanga ina kushoto na kulia, hakuna upande mtupu. Lakini hesabu ilipofika, majeruhi na waliokufa zaidi ya 800 upande wa Mwingereza, bunduki mamia, rashasha na risasi malaki wameziacha kwa Mjerumani, jumba bovu lote likamwangukia Aitken. Akashushwa cheo, waziri wa vita Kitchener hata kumuona hakutaka. Uongozi wa vita ya huku ukahamishiwa Wizara ya Vita mwezi huohuo, sawa, lakini ule mfumo wa India wenyewe haukuguswa.

Na hapa ndo naomba usikilize vizuri maana ndo sababu ya mimi kuandika haya yote. Mfumo uleule, wakubwa walewale wa India na wizara yao London, walikuwa wanaendesha vita nyingine Mesopotamia, Iraki ya leo. Lengo likawa linavutwa, mwanzo kulinda mafuta na mlango wa Ghuba, baadaye kidogo juu, kidogo juu, mpaka Oktoba 1915 wakaruhusu kwenda Baghdad na watu wachache, boti hazitoshi, huduma za majeruhi ni aibu. Jenerali Nixon, kamanda mkuu wa huko, ndo aliyekuwa anasukuma twende, Jenerali Townshend wa chini yake aliyetakiwa kwenda alikuwa na wasiwasi lakini akaenda, wakubwa wakasaini. Wakakwama mji wa Kut, wakazingirwa miezi, tarehe 29 Aprili 1916 wakasalimu amri watu kama 13,000. Lengo kubwa kuliko watu, ugonjwa uleule wa Tanga. Ukimpa lawama mtu mmoja mambo yote, wale wengine wanabaki ofisini na kalamu zao.

Cha pili, angalia tarehe ya maneno ya shahidi. Maneno yaliyosemwa kabla ya kushindwa yana thamani, yaliyosemwa baada ya kushindwa yachukue kwa kibano. Mfano wa wazi ni majenerali wa Hitler. Baada ya 1945 Hitler kafa, hawezi kujibu, wao wako hai, wengine kama Franz Halder, aliyekuwa mkuu wa wanadhimu wa jeshi la nchi kavu, wakawa wanawaandikia Wamarekani historia ya vita, na hadithi ikawa moja tu: sisi tulikuwa mafundi, yule koplo, yaani Hitler, ndo aliharibu. Ukirudi kwenye karatasi za wakati wenyewe unakuta mengine. Kusimamisha vifaru karibu na Dunkirk Mei 1940, watu wanasema Hitler Hitler, kumbe amri ya kusimama ilianzia kwa majenerali wenyewe, kina Rundstedt, Hitler akaja tarehe 24 akaibariki. Waingereza na wenzao zaidi ya 338,000 wakavuka bahari. Kuivamia Urusi nako, wanadhimu wa Halder walishaanza kuchora mipango majira ya joto ya 1940, miezi kabla Hitler hajasaini amri ya tarehe 18 Desemba, na hesabu zao za chakula, mafuta na umbali zilikuwa za mtu anayeota mchana. Sisemi Hitler msafi, Mungu apishe mbali, vita ilikuwa yake na mauaji yake. Nasema aliyekufa habishi, kwa hiyo ukikuta shahidi mkuu ndo mshtakiwa mwenyewe, na mwenzake yuko kaburini, punguza kasi.

Na ujanja huo uko pande zote, wanasiasa nao wanajua kuandika vitabu.

Cha tatu, tafuta nani alikuwa na uwezo wa kusema hapana, halafu uone kama aliisema, na aliisemea wapi. Hapa ndo pagumu kwa upande wa wanajeshi. Mwanasiasa ana haki ya kuamua vibaya, ndo maana kachaguliwa, au kajichagua. Mwanajeshi kazi yake ni kumwambia ukweli kabla hajaamua, mzee hii haiwezekani kwa watu hawa, halafu akiamriwa kihalali anatekeleza. Kwa hiyo mnadhimu aliyeonya kwa maandishi halafu akatii, hilo deni sio lake. Aliyenyamaza kikaoni halafu akaja kulalamika akiwa mstaafu, deni ni lake, tena kubwa. Februari 2003, kabla Marekani haijaingia Iraki, mkuu wa jeshi lao la nchi kavu, Jenerali Eric Shinseki, aliulizwa na maseneta baada ya vita patahitajika watu wangapi, akasema laki kadhaa. Siku mbili baadaye naibu waziri wa ulinzi, Wolfowitz, akamkana hadharani kwamba hesabu hiyo imepotea mbali. Waliingia na watu pungufu sana ya hapo, mwezi Mei Paul Bremer, mwakilishi wa kiraia, akavunja jeshi lote la Iraki, vijana wenye bunduki wakabaki mtaani hawana mshahara, yaliyofuata tuliyaona kwenye taarifa ya habari miaka na miaka. Hapo Shinseki mfute. Lakini usiwafute wote wenye nyota mabegani, maana Jenerali Tommy Franks aliyeongoza uvamizi alikubali mpango wa watu wachache, na habari ya kesho yake tukishashinda hakuipa uzito.

Wabishi wengi hukosea hapa, wanadhani ukimpata mwanasiasa mwenye makosa basi mwanajeshi kapona. Makosa hayagawanywi kama keki ya harusi kwamba huyu akila kubwa yule anapata ndogo. Kila mmoja anaweza akawa na lake zima.

Cha nne, ikija ripoti ya tume, kabla ya kusoma imesema nini soma imeruhusiwa kuangalia nini. Watu wanarusha rusha ripoti kama vile imeshuka mbinguni. Chukua Israeli 1973. Tarehe 6 Oktoba Misri na Syria wakawashtukiza, baadaye ikaundwa tume ya Jaji Agranat. Ripoti ya kwanza ikatoka Aprili 1974, ikamwangushia mkuu wa majeshi David Elazar, mkuu wa ujasusi wa jeshi Eli Zeira, na kamanda wa kusini. Waziri Mkuu Golda Meir na waziri wa ulinzi Moshe Dayan wakapita salama, kwa sababu tume ilisema kupima uwajibikaji wa mawaziri mbele ya bunge sio kazi yake. Cha kushangaza ni kwamba asubuhi ya siku ile Elazar ndo aliyetaka kuita jeshi la akiba lote na hata kuwahi kupiga, Dayan akawa anapunguza. Elazar alikuwa na makosa yake ndio, aliamini ripoti za Zeira kwamba vita haipo, ila ukisoma ripoti tu utadhani ofisi ya juu yake ilikuwa tupu. Wananchi hawakukubali, wanajeshi wa akiba waliorudi wakaandamana, na siku chache baada ya ripoti Golda akajiuzulu.

Na hapo tenganisha vitu viwili ambavyo Kiswahili chetu kinavichanganya: kukosea na kuwajibika. Sisi tuna mfano wetu. Mzee Ali Hassan Mwinyi akiwa waziri wa mambo ya ndani miaka ya 1970, watuhumiwa walifia mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu, wala hakutuma. Akajiuzulu, kwa sababu wizara ni yake. Na hakuna aliyemwona mkosaji, 1985 akawa Rais. Uingereza walikuwa na wao, Austen Chamberlain, waziri wa India, tume ya Mesopotamia ilipotoa ripoti mwaka 1917 akajiuzulu, ingawa wengi waliona wenye makosa hasa ni wengine. Kwa hiyo kwenye karatasi yako, jina la anayewajibika lizungushie duara, jina la aliyekosea lipigie mstari, na usishangae yakiwa majina tofauti. Mabishano mengi ya kijiweni yanaisha hapo, maana unakuta mmoja alikuwa anaongelea duara na mwingine mstari, wamegombana nusu saa kahawa imepoa.

Cha tano, hiki nakipenda mwenyewe, geuza matokeo. Jiulize, wangefanya vilevile halafu wakashinda, ningesemaje? Rudi Tanga, upande wa Mjerumani. Gavana Heinrich Schnee, raia, ndo aliyekuwa na mamlaka ya juu kwenye koloni, na hakutaka vita huku, alikuwa anategemea ule mkataba wa Berlin wa 1885 kwamba makoloni yanaweza kukaa pembeni, na hakutaka miji ya pwani ipigwe mizinga kwa sababu ya kuilinda. Lettow hakumjali. Akashinda, akawa shujaa. Angeshindwa pale Tanga tungekuwa tunamwita afande mkaidi aliyemdharau mkubwa wake na kuuteketeza mji. Na alikaribia kushindwa, maana jioni ya tarehe 4 kulitokea kutoelewana, tarumbeta ikalia, wanajeshi wake wakarudi nyuma kambini, mji ukabaki wazi usiku ule, na Aitken hakujua kwa sababu, narudia, hakutuma mtu kuchungulia. Ushindi ule ulikuwa mwembamba hivyo.

Halafu nenda mbele zaidi. Vita aliyoipigania Lettow iliendelea mpaka Novemba 1918, ikala wapagazi kwa makumi ya maelfu pande zote mbili, ikala chakula cha watu, njaa ikafuata vijijini. Jina la Kariakoo kule Dar ni la wapagazi hao. Ukiwa mwanahistoria wa kijeshi Ulaya utamsifia, ukiwa ni mjukuu wa mtu aliyebebeshwa sanduku la risasi kutoka huku mpaka Rufiji, unaweza ukamwona yule gavana mwoga ndo alikuwa na akili. Mimi niko upande huo, sifichi.

Sasa nyuki. Walikuwepo kweli, mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini ilichokozwa na risasi wakatoka wakang'ata watu, na waling'ata pande zote mbili, sio Waingereza peke yao, na ile hadithi kwamba Mjerumani aliwatega kwa kamba haina msingi. Kanuni ninayotumia ni hii: bahati mbaya iandike chini kabisa ya karatasi, baada ya kujaza kila kitu, ukikuta bado kuna pengo ndo uijazie. Mvua, nyuki, barafu ya Urusi, hivyo ni vitu ambavyo mnadhimu analipwa ili avifikirie. Barafu huja Urusi kila mwaka. Mpango unaovunjwa na mzinga mmoja wa nyuki ulikuwa umeshavunjika kabla nyuki hajaamka.

La mwisho ni pale karatasi inapogoma, mtu mmoja kavaa kofia zote mbili. Argentina 1982, waliovamia visiwa vya Falklands walikuwa majenerali walewale wanaotawala nchi. Idi Amin 1978, Rais wa maisha, Fildi Masho aliyejipa mwenyewe, anaivamia Kagera halafu anashangaa kuona JWTZ inaingia Kampala Aprili 1979. Hapo usihangaike kupiga mstari katikati, andika jina moja pande zote. Ila safu ya wanadhimu usiiache tupu hata hapo, andika nani alikuwepo kikaoni, nani alisema kitu, na nani alipiga makofi.